Sifuri Kwenye Safu ya Wageni

Kwa miaka thelathini na kidogo nililipwa mshahara kwa kuwauliza watu wamekula nini. Kazi hiyo ina jina lake rasmi, refu, lenye maneno mapato, matumizi na kaya ndani yake, lakini jirani yangu wa Kitete hakuwahi kulishika. Akiulizwa habari zangu husema, "Yule mama huchungulia masufuria ya watu." Sina la kumsahihisha. Nimechungulia masufuria kutoka Kipalapala hadi Igunga, na kwa kuwa nimestaafu na wadadisi wapya mnaingia, nimeona niwaandikie machache ambayo hamtaambiwa kwenye mafunzo, na moja ambalo mtaambiwa vizuri kabisa, kisha mtalikosea kama nilivyolikosea mimi.

Siku yangu ya kwanza sikupewa dodoso. Nilipewa mizani ya kuning'iniza, yenye ndoano chini na kioo kilichopasuka, na aliyenipa alikuwa Bi Tausi, msimamizi wetu, mama wa mjini Tabora, mfupi, mkavu wa maneno, mwenye ushungi uliopigwa pasi hata kwenye vumbi la Igunga. Alinipeleka sokoni akaniagiza ninunue sado tatu za maharage, yaani zile ndoo ndogo za kupimia nafaka, kwa wauzaji watatu tofauti. Nikanunua, tukapima. Hakuna sado iliyolingana na mwenzake. Ndoo ya muuzaji mmoja ilikuwa imepashwa moto kitakoni ikabonyezwa kwa ndani, na mwenyewe alipoona tunaigeuza akaanza kutazama mawingu.

"Mwenye kaya atakwambia amenunua sado," Bi Tausi akaniambia. "Utaandika sado. Mtu wa Dar es Salaam atasoma sado, atafikiria ile ya kwake. Uongo umeshaingia na hakuna aliyedanganya."

Kuanzia siku hiyo nilipima kila kitu. Nilipima fungu la nyanya, kikombe cha dagaa wa Kigoma, mafuta ya kula ya kumiminiwa kwenye chupa ya soda, sukari iliyofungwa kwenye nailoni ndogo. Nilijifunza kupima unga kabla maji hayajachemka, maana mama mwenye ugali jikoni hana muda na serikali. Nilijifunza pia kwamba huwezi kumuuliza mtu anatumia kiasi gani kwa mwezi. Nilimuuliza hivyo baba mmoja wa Nzega, akataja kiasi bila kufikiri, na mke wake aliyekuwa akichambua mboga pembeni akakohoa. Nikauliza tena kwa kuanzia mwisho: jana jioni mlikula nini, kilitoka wapi, nani alikwenda dukani. Mara hii mama ndiye aliyejibu yote. Tangu hapo, baba akitaja kiasi, mimi nilikuwa nasubiri kikohozi.

Somo la tatu la Bi Tausi lilikuwa fupi. "Usile," alisema. "Ukila, umeingia kwenye hesabu."

Kwake ilikuwa rahisi. Alifunga Jumatatu na Alhamisi kwa dini, na siku nyingine alisingizia tumbo. Mimi ni Mkristo wa Moravian; ningesema nimefunga kila siku wangeniwekea mikono na kuniombea. Nilikuwa nabeba mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko wa baiskeli na kuila njiani, nimeipa barabara mgongo ili nisionekane. Ninyi mliokulia mjini mnaweza kuona ni jambo dogo. Lakini nyumba zilizo kando ya njia hii zimelisha wapita njia tangu enzi za wapagazi waliokwenda Ujiji na kurudi, na mtu akikukaribisha ukakataa, hasikii kwamba umeshiba. Anasikia kwamba chakula chake hakikufai. Kukataa bila kumuumiza mtu ni nusu ya kazi hii, na niliimudu kwa miaka mingi.

Miaka hiyo ilipita kwa penseli na madaftari. Panya wa Nzega walikula shajara za kaya mbili, nikalazimika kueleza kwa maandishi kwamba takwimu zimeliwa. Bi Tausi alistaafu, akaniachia mizani. Vikaja vishikwambi, na majibu yakawa yanafika ofisini jioni ile ile, kabla vumbi halijakutoka miguuni. Akaja pia Neema, binti mmoja mtulivu niliyemfundisha mwenyewe kupima sado, na kabla sijazoea kumwita mwanafunzi wangu akawa ndiye mkaguzi wa kazi zetu. Nilifurahi. Sikujua kwamba mtu wa kwanza atakayemkagua mpaka ndani atakuwa mimi.

Huo ulikuwa utafiti wangu wa mwisho. Mdadisi wa upande wa Kigwa alikwenda kujifungua, watu hawakutosha, nikasema nitazichukua kaya zake. Miezi mitatu ilikuwa imebaki nistaafu. Nilitaka kumaliza nikiwa na tope viatuni, si nyuma ya meza.

Kaya ninayotaka kuwaeleza nitaiita ya Mama Kulwa, kwa sababu kiapo chetu cha kutunza siri hakikomi ajira inapokoma. Walikuwa watu wanane, nyumba ya matofali ya kuchoma, mwendo mfupi kutoka kwenye reli. Baba Kulwa alilima tumbaku, na fedha ya tumbaku huja mara moja kwa mwaka; ikifika Desemba huwa imebaki hadithi. Mama Kulwa alilima karanga. Huku kwetu karanga ni za mama: yeye huzipanda, huzihifadhi, na yeye huamua ziende wapi. Siku ya kwanza, Ijumaa, nilipima akiba yote ya ndani kama inavyotakiwa. Kulikuwa na magunia mawili ya karanga zenye maganda, na nilipouliza matumizi yake akajibu kwamba ni mbegu, anasubiri mvua ikolee. Nikaandika.

Utafiti ulikuwa wa mwezi mzima, na nilipangiwa kufika pale Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ziara ya pili nilikuta kuku kwenye sufuria. Nikakaribishwa, nikaanza kutoa udhuru wangu wa siku zote, na Mama Kulwa akasimama mbele yangu na sahani mkononi. Juu ya wali kulikuwa na firigisi. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, kila mtu anajua, na Baba Kulwa alikuwa ameketi pale akiitazama inavyokwenda kwa mtu mwingine. Mwaka huo daktari alikuwa amenikataza kukaa na njaa. Tena nilikuwa nimechoka kula mihogo ya baridi nikiwa mtu mzima wa kuamkiwa na kila mtu. Na niseme ukweli, nilipenda kupendwa. Nikala.

Kishikwambi kiliponiuliza ni wageni wangapi wamekula kwenye kaya leo, nikabonyeza sifuri. Mimi nilikuwa kazini, na mtu aliye kazini si mgeni. Hiyo ndiyo hoja niliyojipa, nikiwa na mfupa wa kuku mkononi.

Wiki mbili zikapita hivyo. Jioni moja Neema akanipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Neema."

"Samahani mama, ile kaya yako ya Kigwa. Jumatatu kuku. Jumanne chumvi tu. Jumatano wali, nyama na sukari. Alhamisi hakuna walichonunua. Ijumaa kuku. Wiki ya pili vile vile."

"Ni kaya yenye uwezo," nikasema.

Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kunisema mimi niliyemfundisha. "Mama, siku zako za kwenda kule ni zipi?"

Hakuhitaji jibu. Ratiba aliipanga yeye. "Na kwenye wageni," akaongeza kwa sauti ya chini, "nimeona sifuri kila siku."

Niliona aibu. Kesho yake ilikuwa Jumanne, siku isiyo yangu. Nikapanda gari la asubuhi, nikashuka Kigwa, nikatembea mpaka kwa Mama Kulwa bila taarifa.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kinyamwezi, mayu maana yake mama. Kisha haraka akafunika sufuria. "Leo si siku yako."

"Najua. Kuna nini humo?"

"Leo hatukujiandaa," Baba Kulwa akasema kutoka barazani, na mke wake akamtupia jicho.

Sufuriani kulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani, vimechemshwa peke yake, hata karanga za kutia hazikuwemo. Nikaomba niende kwenye akiba. Gunia moja halikuwepo kabisa. La pili lilikuwa limelegea, limebaki kama nusu debe chini. Sikuhitaji kuuliza fedha za nazi ya kwenye wali, nyama na sukari ya chai yangu zilitoka wapi. Kuku walikuwa wa kwake, nao walikwisha; wa mwisho alimnunua kwa jirani ili anipe mimi. Nje mvua ilikuwa imenyesha usiku mzima, majirani wote wako mashambani wanapanda karanga, na Mama Kulwa yuko jikoni kwa kuwa hana cha kupanda.

"Mama Kulwa, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Usile?"

"Ungenipa hii michembe, ningekula."

"Ningekupa michembe, ukaiandika kwenye hiyo mashine, ikaenda kusomwa serikalini kwamba kwa Mama Kulwa mgeni alipewa michembe." Alisema bila hasira. Alikuwa ananifafanulia jambo lililo wazi. "Wewe ulipima mpaka chumvi yangu. Nikajua huyu anaona kila kitu."

Sikuwa nimeona kitu. Nikafanya kosa la pili, nalo lilikuwa baya kuliko la kwanza: nikafungua pochi.

Akaitazama ile fedha, akanitazama mimi. "Kwani mayu, nilikuuzia?"

Akachukua jembe akatoka, kwenda kupalilia kitu ambacho hakikuwa na magugu. Nikabaki na noti mkononi. Baba Kulwa akatikisa kichwa. "Ungenipa mimi kimyakimya, labda," akasema. "Lakini angejua."

Kesho yake asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya Neema. Nikamweleza yote, pamoja na firigisi. Kulikuwa na njia nyepesi, ya kuifuta ile kaya na kuchukua nyingine, na aliitaja kwa kuwa ni wajibu wake kuitaja. Nikamwambia tukiifuta, wale watu watakuwa wameteketeza mbegu kwa ajili ya karatasi ambayo haipo. Bora iwepo na iseme ukweli. Basi tukakaa tukarekebisha siku moja moja: wageni, mmoja, aliyekula, mdadisi, chakula kilichonunuliwa kwa ajili yake, hiki na hiki. Nikaandika maelezo nikatia saini. Kisha ilibidi Neema aniandikie barua ya karipio, na mkono wake haukutaka. Nikamsaidia kuinyoosha aya ya pili, ambayo ilikuwa ya upole kupita kiasi. Barua hiyo imo kwenye faili langu, ni ya mwisho kabla ya ile ya kustaafu, na sioni haya nayo tena.

"Na mbegu?" Neema akauliza.

Hapo ndipo tuliponasa. Kanuni inamkataza mdadisi kuipa kaya chochote mpaka mwezi uishe, na mwezi ulibakiza wiki mbili. Karanga ukizichelewesha wiki mbili, unalima majani. Kaya ya watu wanane ingeingia mwaka mwingine bila mboga ya kuungwa, bila kitu cha kuuza, bila mbegu ya msimu unaofuata, kwa sababu yangu. Na hata kanuni ingeruhusu, Mama Kulwa asingepokea. Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Ijumaa nilikwenda kama ratiba inavyosema. Akanijibu maswali yote kwa neno moja moja, akanipa kigoda, hakunipa hata maji. Sikuwahi kuondoka kwenye nyumba ya mtu nikiwa na uzito ule.

Nilipolipata jibu, halikutoka kwenye mwongozo wa kazi. Nililikumbuka kwa marehemu mama yangu, aliyekuja mjini kutoka kijijini hana hata tuta moja, na kila mwaka alikuwa anakwenda kuomba kona ya shamba kwa mtu. Huku kwetu kuomba ardhi ya kupanda hakumvunjii mtu heshima, na anayeombwa ndiye anayepanda daraja. Nikamwambia Neema. Akageuza uso kuelekea dirishani, ambako ilikuwa inanyesha.

"Nenda," akasema. "Ukirudi tutatafuta pa kuiandika."

Jumamosi nikashuka Kigwa na magunia mawili ya karanga za mbegu, jembe, na kanga iliyochakaa. Mama Kulwa akasimama mlangoni.

"Mwezi wa tatu nastaafu," nikamwambia. "Nina mbegu, sina shamba. Nakuomba kona. Tutalima wote, tugawane nusu kwa nusu."

Akayatazama yale magunia, akayapitia moja baada ya jingine. "Kona ya magunia mawili."

"Kona kubwa."

"Wewe unajua kulima?"

"Nilikuwa najua."

Kwanza akakaza midomo, halafu akashindwa, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Baba Kulwa alikuja kuona kuna nini, akapewa gunia alibebe. Tulipanda siku ile na Jumapili baada ya ibada. Mkono wangu wa kuandikia ulitoa malengelenge manne, na Mama Kulwa alikuwa akirudi nyuma yangu kufukia upya mashimo niliyoyafanya marefu. Kwenye kishikwambi tuliandika kilimo cha ubia. Safu yake ilikuwepo siku zote. Sikuwahi kuhitaji kuifungua.

Wiki mbili zilizobaki zilikuwa kazi bora niliyowahi kufanya. Mama Kulwa hakuficha kitu tena. Nilipima michembe, mlenda, uyoga uliookotwa porini, unga wa mahindi ya kwao, kunde zilizoanikwa. Dukani walinunua chumvi, sabuni, viberiti na dagaa, basi. Siku ya kufunga shajara nilimsomea yote, kila chakula kwa bei ambayo angelipa kama angekinunua sokoni. Fedha iliyotoka mkononi ilijaza mistari michache. Kilichotoka shambani mwake kilijaza kurasa.

Akanisimamisha. "Rudia hapo kwenye unga." Nikarudia. "Na mboga." Nikarudia. Akashika kidevu. "Miaka yote akija mtu kuuliza tunatumia nini, najibu hatuna kitu," akasema. "Kumbe hawa wote nawalisha mimi."

Wadadisi wenzangu, nawasihi msome majibu mnayoyakusanya. Wasomeeni waliowapa. Hakuna kanuni inayokataza, na nimeona mgongo wa mtu ukinyooka kwa sababu hiyo.

Nilistaafu mwezi wa tatu. Kulikuwa na keki, hotuba, na picha niliyofumba macho. Mavuno yalipofika, Mama Kulwa akanipigia kwa simu ya mumewe: zimekauka, njoo. Nikaenda, sina mizani, sina kishikwambi, nina magunia matupu tu. Tuling'oa karanga siku mbili, tukazianika, tukazigawa nusu kwa nusu mbele ya Baba Kulwa kama shahidi. Kutoka kwenye fungu lake alianza kwa kutenga mbegu. Alichagua zilizojaa, akazitia kwenye madumu mawili, akayafunga midomo kwa nailoni na kamba, akayabeba mwenyewe mpaka chumbani.

"Hizi," akasema akijipangusa vumbi, "hata aje nani, haziguswi."

"Hata nikija mimi?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. Jua lilikuwa utosini, watu wana njaa, na jikoni moto ulikuwa haujawashwa.

"Wewe ndoo ile pale," akasema. "Kachote maji tupike."